Farasi Tisa na Jembe Lililolala

Jumamosi, 12 Novemba 2005. Bukoba. Mvua kubwa tangu karibu saa tisa alasiri, sasa yamebaki manyunyu.

Nimechapa sentensi hii mara tatu ndipo ikatoka bila kosa, na mimi ndiye ninayelipwa kuwachapia watu barua zao. Kama kuna mteja ananiona hapa kaunta ninavyocheka peke yangu, na anione tu.

Tumesimama! Kijiji kimesimama!

Haya. Nitulie. Daftari langu lina utaratibu, na blogu hii ambayo inasomwa na watu wanne (mmoja ni mimi) itafuata utaratibu uleule. Nitaanza mwanzo.

Mchezo wenyewe una jina refu la Kiingereza, lakini sisi tunauita Vijiji. Kila mchezaji anapewa kijiji kimoja mtandaoni. Unajenga ukuta, unalima mashamba, unafuga farasi, unaweka askari. Hukai mbele ya kompyuta siku nzima. Unatoa amri, unaondoka, na mchezo unaendelea kwenda hata ukiwa kanisani. Jeshi likitumwa linatembea kwa saa za kweli. Ukishambuliwa umelala, umeshambuliwa. Wanacheza watu maelfu kutoka kila pembe ya dunia, na wanaocheza peke yao hawamalizi mwezi, kwa hiyo watu hujiunga katika makundi.

Kundi letu linaitwa Migomba. Tuko wanne tu.

Kiongozi ni Imtiaz, mwenye kafe hii. Zamani hapa lilikuwa duka la vitambaa la baba yake. Ndugu zake wote wamehamia Kanada, yeye amebaki na mama yake, kompyuta sita, na dishi kubwa juu ya paa. Wa pili ni Nova, anayefanya kazi ya miche ya migomba kule Maruku na hufika hapa kwa baiskeli akiwa na tope hadi magotini. Wa tatu ni Deo wa Kagoma, ambaye hutumia kompyuta ya kituo cha vijana pale Muleba mjini. Wa nne ni mimi, Koku, karani wa kuchapa, kidato cha nne, mzaliwa wa mwaka ule wa vita, ambaye mama yake alimzaa chini ya migomba ya watu wakikimbia kutoka mpakani. Mama husema ndiyo maana sijui kukaa mahali pamoja.

Na kwa kweli katika Vijiji sikai mahali pamoja. Mimi ni mvamizi.

Niseme wazi, maana shajara haidanganywi: napenda kuvamia. Sipendi kulima. Kijiji changu kina shamba moja, lile tulilopewa bure siku ya kwanza, na sijawahi kuliongeza hata tuta. Nina farasi. Nina daftari la mistari ambamo nimeandika kila kijiji kilicho karibu nami, mwenyewe analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, ghala lake hujaa siku gani. Nikiona pengo, naingia, nachota, natoka. Kuna ubao wa wavamizi ambao hupangwa kwa kiasi ulichonacho ghalani, na Jumatatu iliyopita nilikuwa wa tatu.

Wa tatu katika maelfu. Kutoka Bukoba, kwenye kompyuta ambayo herufi M yake haibonyezeki vizuri.

Deo ni kinyume changu kabisa. Deo analima. Kijiji chake ndicho kinachotulisha sote, kwa sababu Nova mali yake yote huimalizia kwenye ukuta na wapelelezi, Imtiaz kwenye askari wa miguu, na mimi kwenye kwato. Mashamba ya Deo yanavunwa asubuhi na jioni. Mazao hayaingii ghalani yenyewe, lazima ubonyeze kitufe chenye picha ya jembe. Deo anatoka Kagoma kwa baiskeli mpaka Muleba, anabonyeza jembe, anakwenda kwenye shughuli zake, anarudi, anabonyeza jembe, anapanda baiskeli kurudi nyumbani. Nimewahi kumwambia kwamba huo si mchezo, ni ajira. Alinijibu, "Na wewe huo si mchezo, ni wizi." Tukacheka sana.

Kijiji chake kinaitwa Kwa Anastazia. Anastazia alikuwa mama yake.

Wazazi wake wote wawili walikwenda na ugonjwa ule ambao tulipokuwa wadogo watu wazima waliuita Juliana, kwa jina la shati lililovuma miaka ile, kisha wakaacha kuuita kwa jina lolote. Baada ya msiba wa pili, baba yake mdogo aliingia kwenye kibanja chao. Kahawa ikakatwa, migomba ya katikati ikauzwa pamoja na ardhi yake, watoto wakaachiwa kipande kando ya barabara. Deo alikuwa na miaka kumi na minne na wadogo wawili. Hiki kijiji cha kwenye kompyuta amekipanga kama kile kibanja kilivyokuwa: kisima upande wa chini, miti pembeni, nyumba katikati. Aliniambia mara moja tu, na akabadilisha mazungumzo.

Sasa wiki yenyewe.

Jumanne mpelelezi wa Nova aliona jeshi kubwa limetoka kwa Mbwamwitu. Hao ni kundi la watu kama ishirini wa nchi za baridi, hodari, na wana desturi ya kukichoma kijiji chenye ghala kuu la kundi ili wengine wafe njaa wenyewe. Nova alipiga hesabu ya mwendo. Wangefika Kwa Anastazia leo Jumamosi, saa tisa kamili alasiri. Na kwa sheria za Vijiji, kijiji kikichomwa ghala na ukuta kwa pamoja kinafutwa. Hakirudi. Hata jina linafutwa.

Imtiaz alitupanga palepale. Askari wake wote waende kwa Deo. Wa Nova waende. Farasi wangu waende.

Nikamwambia, "Imtiaz, hebu fikiri. Jeshi lao lote liko njiani. Kwao kumebaki nani? Nikiingia Jumamosi saa tisa, wakati wao wako kwa Deo, ghala lao liko wazi. Nimelifuatilia wiki tatu. Nitakuwa wa kwanza."

"Wa kwanza wapi?"

"Kwenye ubao."

"Dada, nyumba ya mwenzio inaungua, wewe unakwenda kuiba kwa aliyewasha moto."

"Ni mbinu!"

"Ni tamaa. Tuma farasi."

Nikasema watafika Jumamosi. Sikusema watafika wapi. Hilo ni ungamo langu la kwanza katika ukurasa huu, na yako mawili.

Alhamisi asubuhi simu yangu ikalia, ujumbe kutoka kwa Deo: "Ma Paskazia ametutoka jana jioni. Tunamsubiri mwanawe aje na meli kutoka Mwanza, tuzike Jumamosi. Sitakuja Muleba. Jembe limelala, hata kule."

Nikausoma mara mbili. Hata kule.

Kwa wasomaji wangu wa mbali: huku kwetu, kukiwa na maiti haijazikwa jirani, hakuna anayeshika jembe. Unaweza kukata ndizi ya kula, unaweza kuchota maji, lakini huichimbi ardhi ambayo bado inamsubiri mwenzenu. Miaka ile mibaya kulikuwa na vijiji ambako jembe lililala wiki mfululizo, kwa kuwa walikuwa hawajamaliza kumzika huyu na mwingine ameshaondoka. Mama anasema walilala njaa huku wanaliangalia shamba. Lakini hawakulishika.

Na Ma Paskazia, kama tunavyowaita akina mama wa heshima, ndiye jirani aliyewaambia Deo na wadogo zake siku ile ya kibanja, "Sufuria yangu haijui kuhesabu, njooni." Walikula kwake miaka sita.

Yote hayo niliyajua. Lakini niliyajua upande mmoja wa kichwa, na upande mwingine ulikuwa unapiga hesabu. Majeshi ya Imtiaz na Nova yalikuwa yameshafika kwa Deo, na askari wa kwenye Vijiji wanakula. Ghala lake bila kuvuna lingeisha Jumamosi saa nane na nusu. Adui anafika saa tisa. Chakula kikiisha, askari wanaanza kutoroka mmoja mmoja. Nusu saa tu, na ingetosha kutumaliza.

Tulikutana watatu mchana, Nova akiwa amekuja kuchukua dawa za miche. Imtiaz alishika kichwa.

"Ni picha ya jembe, jamani. Picha! Kompyuta haina maiti."

Nova alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. Hakuinua uso. "Bosi, marehemu baba yako alipokuwa ndani hajazikwa, hili duka ulilifungua?"

"Hilo ni duka."

"Na lile ni jembe."

Imtiaz akaachia kichwa chake. Halafu akasema polepole, "Basi tumwombe ruhusa tuvune sisi. Koku, muulize kwanza. Kwa adabu."

Ni mimi niliyepaswa kumuuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na neno lake la siri. Deo alinipa mwezi wa tisa, kwa ajili ya dharura, kwa kuwa yuko mbali na kompyuta. Hakumpa Imtiaz wala Nova. Alinipa mimi.

Sikuuliza.

Nilijiambia yuko msibani, nisimsumbue. Nilijiambia yeye hataki kushika jembe na hatalishika, nitalishika mimi, dhambi iwe yangu. Nilijiambia nalisaidia kundi, mimi ambaye siku zote nasemwa kwamba silisaidii. Nikaingia Kwa Anastazia saa kumi alasiri, nikabonyeza jembe. Ghala likajaa. Nikatoka. Niliona fahari, Mungu anisamehe. Nikaandika kwenye daftari: "Alh. saa 10.05. Tatizo la chakula limekwisha."

Jana Ijumaa Deo alitumwa Muleba mjini kununua sukari na sanda. Alipita kituoni dakika tano kutusalimia, akaona ghala limejaa.

Simu yangu ikalia. Hakuniandikia. Alipiga, na vocha ni ghali.

"Koku. Nani ameshika jembe?"

Sikuweza kudanganya. "Ni mimi."

Nilisikia pikipiki inapita upande wake. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Ma Paskazia bado yuko ndani ya nyumba. Mwili wake uko pale, mimi nimetoka hapo sasa hivi. Na wewe unalima kwa mama yangu."

"Deo, tutashindwa..."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Halafu tungetafuta njia nyingine, wanne."

Akakata. Nilipofungua ukurasa wa kundi nikaona alichofanya. Mavuno yote ya Alhamisi, mpaka punje ya mwisho, ameyatuma kwenye kijiji cha mtu tusiyemjua kilichokuwa kimechomwa wiki iliyopita. Kama sadaka. Na neno la siri amelibadilisha.

Tukarudi kwenye hesabu ileile. Saa nane na nusu, njaa. Saa tisa, Mbwamwitu.

Imtiaz aliona ghala limepungua, akaanza kufoka kwamba Deo ametuua. Ilinibidi nimsimamishe. Nilimwambia mbele ya wateja wawili na fundi wa redio. Nilimwambia yote, hata la farasi kwamba hawakuwa wanakwenda kwa Deo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinivutia kiti na kusema, "Nilidhani una tabia mbili, dada. Ya kuvamia na ya kusaidia. Kumbe ni moja."

Nimelitafuna neno hilo kama kahawa ya kutafuna. Nilipokuwa nakwenda kuvamia, nilikwenda peke yangu. Nilipokwenda kusaidia, nilikwenda peke yangu vilevile, katikati ya msiba wa mwenzangu, kupitia mlango alionifungulia kwa imani. Tofauti ilikuwa nilichobeba tu.

Nikachukua daftari. Hapo ndipo utaratibu wangu ulipofaa kitu.

Ghala langu lilikuwa limejaa. Chakula cha kuvamia cha wiki tano, ambacho sikukigusa kwa sababu ya ule ubao. Sikuwa nimekilima, hakuna jembe lililokishika wiki hii, na hakikutoka kwenye ardhi ya Deo. Farasi mmoja anayerudi na mali anabeba magunia kumi. Kinachobebeka kurudi kinabebeka kwenda. Farasi mia nne na kumi na wawili, wakiwa na mzigo, mwendo wa saa saba hadi kwa Deo. Wakitoka leo saa moja asubuhi wanafika saa nane. Nusu saa kabla ya njaa, saa moja kabla ya vita.

Safari hii nikauliza. Nilimwandikia Deo: "Nina chakula changu. Hakijalimwa kwako wala wiki hii. Naomba ruhusa nikilete kwa mama yako, kama watu wanavyoleta msibani." Nikamwonyesha Imtiaz kabla ya kutuma. Akaongeza koma.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili, neno moja. "Lete."

Leo nimefika hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Imtiaz bado anafungua makufuli. Saa moja kasoro tano nikawa nimechagua farasi wote. Wote, sikubakiza hata wa kulinda nyumbani. Kule Mbwamwitu ghala lilikuwa wazi kama nilivyolipigia hesabu wiki tatu, na nilijua kwamba farasi haohao, bila mzigo, wangefika kule saa tisa kamili. Kidole kilisimama juu ya kipanya. Siwezi kusema hakikusimama.

Nikabonyeza: Kwa Anastazia.

Kutoka hapo nilichapa barua tatu za maombi ya kazi na tangazo la harusi, na sikumbuki hata jina la bibi harusi. Nova alifika saa tano akiwa amelowa kwa umande wa migombani, mfuko wa senene, wale panzi wa kukaanga, mkononi. Tukawa tunatafuna na kuangalia saa ya ukutani. Saa nane kamili: farasi wamefika. Magunia yanaingia ghalani. Nova akapiga meza, senene wakaruka kwa mara ya pili katika maisha yao.

Saa tisa kasoro kumi mvua ikaanza.

Si mvua ya kawaida. Mvua ya Bukoba ya mwezi huu, ile inayotoka ziwani kama mtu amemwaga pipa. Na mvua kama hiyo ikipiga dishi la Imtiaz, intaneti inakufa. Saa tisa kamili, jeshi la Mbwamwitu likiwa langoni, ukurasa wetu ukawa mweupe.

Mawe, mama wee! Sijawahi kuteseka namna hiyo. Imtiaz alipanda juu ya paa na mwavuli wa mama yake, kulifunika dishi. Mama yake akatoka kwenye ngazi, akamfokea kwa Kigujarati, halafu akageukia Kiswahili ili na sisi tusikose: "Radi itakuua, na mimi nitabaki na hizi kompyuta, nitazipikia nini?"

Nova akamjibu kutoka chini, "Mama, mwache, yuko vitani!"

"Vita nimeiona mimi, hapahapa mjini, na hatukupanda juu ya paa!"

Tukacheka mpaka nikakaa chini. Lakini ndani nilikuwa nafikiria Kagoma. Saa tisa ndiyo saa ya mazishi. Deo alikuwa kando ya kaburi wakati uleule, na yeye hakuwa anajua lolote wala hakuuliza. Nova alitaka kumtumia ujumbe. Tukakubaliana, watatu, kwamba simu yake isilie mpaka wamalize.

Dakika arobaini na mbili. Nilizihesabu.

Kisha mvua ikalegea, na ukurasa ukaanza kuja kutoka juu, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayevuta pazia kwa makusudi ya kutuudhi. Kwanza likaja jina la mshambuliaji, halafu saa, halafu orodha ndefu ya waliokufa upande wao, na orodha ndefu ya waliokufa upande wetu. Nova alikuwa ameshika bega langu na kucha zake zimeingia.

Ukuta: umebomoka. Roho ikanitoka.

Ghala: limesimama.

Kijiji: Kwa Anastazia. Kipo.

Sijui nani alipiga kelele. Nadhani ni mimi. Imtiaz, ambaye hakumbatii mtu, alimkumbatia Nova na tope lake. Fundi wa redio wa mlango wa pili alikuja mbio akidhani kuna moto, tukampa senene.

Baadaye tulisoma taarifa kwa utulivu. Askari wa Imtiaz wamekwisha karibu wote. Wapelelezi wa Nova wote wamekwisha, maana mwishoni walipigana hata wao, na wapelelezi hawana upanga. Farasi wangu, walipokwisha kushusha magunia, walisimama langoni. Mia nne na kumi na wawili. Wamebaki tisa.

Farasi tisa.

Kwenye ubao wa wavamizi nimeporomoka kutoka wa tatu hadi mahali ambapo ukurasa lazima uufungue mara kumi ndipo ulione jina langu. Na ndiyo, nilikwenda kuangalia kwa Mbwamwitu. Ghala lao lilikuwa wazi kabisa saa tisa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi hata kwa dakika. Moyo uliniuma, nisijifanye mtakatifu. Uliniuma kama dakika mbili hivi. Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa kijiji cha Deo, nikaangalia kisima upande wa chini na miti pembeni, na nyumba katikati.

Saa kumi na moja na robo simu ikalia. Deo.

"Tumeshamzika. Mvua imetunyeshea sote, wanasema ni baraka. Bado kipo?"

Tuliinamia simu vichwa vitatu. Imtiaz akataka niandike taarifa nzima, idadi ya waliokufa, ushujaa wa mwavuli. Nova akasema niandike shairi. Niliandika: "Kipo."

Tukasubiri. Tulidhani vocha imemwishia. Mama yake Imtiaz alituletea chai, na hata yeye akauliza, "Yule kijana wa Muleba amejibu?" Anajifanya hajui mchezo wetu, lakini anajua kila kitu.

Kisha ukaja ujumbe wa pili, shukrani kwa Kihaya: "Wakola waitu. Tulikuwa wanne." Na wa tatu, palepale, kwangu peke yangu. Herufi saba na tarakimu mbili. Hakuna salamu wala maelezo.

Neno lake jipya la siri.

Nilitoka nje na kusimama barazani. Siwezi kueleza. Nimewahi kupata cheti cha shule, nimewahi kuwa wa tatu kati ya maelfu, na sijawahi kusimama barazani kwa ajili ya jambo lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo sasa ni karibu saa kumi na mbili jioni. Imtiaz anafunga madirisha, Nova ameondoka na nusu ya mfuko wa senene, na mimi namalizia hapa. Nimefungua kijiji changu. Ghala tupu, farasi tisa wamesimama kama wageni waliofika kabla ya mwenyeji. Nimeangalia lile shamba langu moja la bure. Pembeni yake kuna nafasi ya la pili, imekuwepo siku zote. Sijaligusa. Jembe kwa Deo bado linasubiri wazee waseme lishikwe, na langu litasubiri lake.

Kesho baada ya misa ya kwanza nitapanda basi la Muleba niende matangani Kagoma. Nitabeba mkungu wa ndizi wa mama na kahawa ya kutafuna. Nitamwomba Deo radhi uso kwa uso, kwa sababu jambo hili haliombwi radhi kwa simu. Halafu nitamwomba anifundishe kulima. Atanicheka mpaka watu wa msibani watushangae.

Daftari langu hili lina kila kitu: saa za adui, idadi ya magunia, dakika za mvua. Wewe shajara nimekuficha machache sana. Nimeandika tarehe, nikaandika "Deo, neno la siri, jipya," nikaweka nukta mbili.

Nimepaacha wazi. Hilo nitalibeba kichwani.